Mzee Ojwang': Mkikuyu aliyetuchekesha kwa ulimi wa Kijaluo

Jumapili tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, aliaga dunia mzee wa miaka 78 aitwaye Benson Wanjau. Lau habari hiyo ingetangazwa kwa jina hilo peke yake, wengi wangeuliza: Wanjau yupi? Lakini iliposemwa kwamba ni Mzee Ojwang' Hatari, nchi nzima ilishika tama. Na hapo ndipo wasiojua walipopata kujua kwamba yule Mjaluo waliyemcheka tangu utotoni alikuwa Mkikuyu.

Jambo hili si dogo, na ndilo nitakalo tulitazame leo.

Mzee Ojwang' alijulikana zaidi kwa mchezo wa Vitimbi, uliorekodiwa katika studio za Sauti ya Kenya, barabara ya Harry Thuku, hatua chache kutoka Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa. Ni nyumba ile ile ambayo askari waasi waliivamia alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Shirika hilo likaja kubadilishwa jina likawa KBC mwaka 1989. Hadi mwaka 1990, ilipozaliwa KTN, hapakuwa na televisheni nyingine nchini. Aliyechekesha Harry Thuku aliichekesha Kenya.

Katika Vitimbi, Ojwang' alikuwa mume mwenye maneno mengi, na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, akawa mke asiyekubali kushindwa. Mama Kayai naye si Mjaluo, ni Mluhya. Basi nyumba ile ya Kijaluo iliyopendwa kuliko zote katika televisheni ilijengwa na Mkikuyu na Mluhya, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Lakini Kiswahili gani? Sisi wa pwani tumezoea kusikia Kiswahili cha bara na kutabasamu kidogo, kama mtu aonaye kanzu iliyovaliwa nyuma mbele. Wako waliosema kwamba wachekeshaji hawa wanaiharibu lugha. Mimi sikubaliani nao, na nitasema kwa nini.

Kila ulimi una mipaka yake. Kijaluo hakina sauti ya sh wala ya z, hivyo mzee wa Kisumu akisema shamba, aghalabu utasikia samba, na shoka likawa soka. Mkikuyu naye ana taabu zake. Mojawapo ni l, ambayo haimo katika lugha yake, hata kulala kukawa kurara. Sasa fikiri kazi aliyokuwa nayo Wanjau. Ilimpasa kwanza ayafiche makosa ya kwao, kisha ajifunze makosa ya wenzake, ayaseme kwa haraka na kwa wakati wake, bila kuteleza hata neno moja, mbele ya Wajaluo wenyewe. Kusema sawasawa hufunzwa chuoni. Kukosea kwa makosa ya mwenzako hakufunzwi na mwalimu yeyote. Hupatikana kwa kukaa na watu, kuwasikiliza na kuwapenda. Asiyempenda mtu huiga kasoro zake tu, na mwenyewe akisikia hukasirika. Wajaluo hawakumkasirikia Ojwang'. Walimwita wao.

Na haya yalitendeka katika nchi gani? Katika nchi ambayo tangu kuuawa kwa Tom Mboya mchana kweupe katikati ya Nairobi, Julai 1969, siasa ilijenga ukuta baina ya Mkikuyu na Mjaluo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ukuta huo uliwaangukia maskini. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini. Magharibi ya jiji, Kibera na Kawangware, jirani walitafutana kwa mapanga, na lafudhi ya mtu iliweza kumponza. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2017 Kawangware ikawaka tena. Lafudhi ile ile iliyokuwa kicheko sebuleni ikawa hati ya mauti kichochoroni.

Sisemi kwamba kichekesho kingeweza kuzuia panga. Mcheshi si polisi wala si hakimu. Nasema kwamba Wanjau alituonyesha, kwa miaka ipatayo thelathini, kuwa kabila ni vazi ambalo jirani yako aweza kulivaa likamkaa vizuri. Tulicheka, tukazima televisheni, tukalisahau somo.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la aibu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, lakini kutunzwa kulichelewa. Uzeeni macho yalipofifia hakuwa na akiba ya kumtosha, ikabidi watazamaji wake wachangishane fedha apate matibabu. Walitoa kwa moyo, na Mwenyezi Mungu awalipe. Hata hivyo, mtu aliyeingia nyumba za taifa zima kila juma hakustahili kupitishiwa bakuli. Mwimbaji hudai haki yake wimbo unapopigwa tena. Mwigizaji naye apate chake mchezo wake unaporudiwa, na apate kwa mkataba, si kwa huruma. Alipokufa viongozi wakubwa walituma rambirambi zenye maneno mazuri. Rambirambi haimfikii marehemu, na dawa haingoji mazishi.

Leo vijana wa vichekesho wa Nairobi husimama peke yao jukwaani, kipaza sauti mkononi, na mara nyingi kicheko cha kwanza wanachokitafuta ni lafudhi ya kabila fulani. Si vibaya. Ila wajue kwamba wanatembea katika shamba lililolimwa na mzee huyu, na wajiulize swali moja kabla ya kufungua kinywa: wenye lafudhi hiyo wakiwa wameketi safu ya mbele, watacheka au watainuka waondoke? Benson Wanjau aliijibu imtihani hiyo kwa miaka thelathini, na hakuna aliyeinuka.