Piloti wa ndege ndogo ku milima: kazi ya kilo, ya joto na ya saa



Tangu niseme hapa kwamba niko natafuta njia ya kuwa piloti, meseji zimekuwa mingi. Wengine wanacheka: "Agronome, umechoka na mihogo?" Wengine wanauliza kweli namna gani mtu anafika kule. Leo najibu wote pamoja.

Kwanza, sababu. Sisi wa Kivu tunajua: Shabunda, Lulingu, Minembwe, barabara ikikufa, ndege ndogo njo inabeba dawa, chumvi na mbegu. Kazi yangu ya mbegu imenipandisha mu hizo ndege mara mingi. Siku moja maharage ya kupanda yalifika wakati mvua ilikuwa imeshaendelea wiki tatu, juu piloti mmoja tu njo alikuwa anajua kutua pale, na alikuwa mgonjwa. Mvua haingojee mtu. Pale nikajiuliza: tunasoma mbegu miaka mitano, nani atazifikisha?

Sasa njia yenyewe. Kwetu leseni inatoka kwa AAC, lakini kanuni za msingi ni za OACI, za dunia nzima. Lazima cheti cha afya cha daraja la kwanza: macho, masikio, moyo. Leseni ya kuruka mwenyewe, bila kulipwa, inaomba masaa 40 angani. Leseni ya kazi inaomba miaka 18 na masaa 200, ao 150 kama umefuata masomo yote mu shule moja iliyokubaliwa. Ukitaka kuvuka mipaka, Kiingereza kiwango cha 4 juu ya 6. Wengi wa kwetu wanaenda Nairobi, Soroti kule Uganda, ao Afrika Kusini. Bei ni makumi ya maelfu ya dola. Mimi niko na cheti cha afya. Kiingereza bado nasukuma. Pesa njo mlima wenyewe.

Na leseni ikipatikana, haujakuwa bado piloti wa milima. Unakaa kwanza pembeni ya mzee, unajifunza kila pisti moja moja.

Juu ya nini ni ngumu hivi? Hapa ma-agronome tutaelewa haraka. Mnakumbuka agroklimatolojia: kila metre 100 ukipanda, joto linashuka digrii 0,65. Vitabu vya ndege vinaanza na digrii 15 ku usawa wa bahari. Kavumu iko karibu metre 1.700, basi kitabu kinangojea digrii 4. Lakini saa saba mchana tuko na 25! Hewa ya joto ni nyepesi, na kila digrii inayozidi ni kama kuongeza futi 120. Digrii 21 ni futi 2.500 hivi. Ndege iko chini Kavumu, lakini inajisikia kama iko metre 2.500. Moteri inapungua nguvu, bawa linapata hewa kidogo ya kukamata, na pisti inakuwa kama imefupishwa.

Kisha pisti zenyewe. Mingi ni udongo na majani. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unakamata magurudumu. Majani marefu yanapunguza mwendo. Pisti zingine zimelala ku mteremko: unatua ukipanda, unaruka ukishuka, hata upepo useme nini. Ikiwa mlima umefunga mbele, kuna fasi moja ambapo unaamua. Ukipita pale, ni kutua tu, hakuna kurudi hewani. Ndiyo maana piloti anapita kwanza juu kuangalia: mbuzi, ng'ombe, watoto wa mpira. Mu bonde naye haruki katikati. Anafuata upande mmoja, ili akikuta mawingu yamefunga abaki na nafasi ya kugeuka.

Saa nayo. Asubuhi hewa imetulia, ijapokuwa ukungu unaweza kuchelewesha. Mchana jua linachoma miteremko, hewa inapanda, mawingu yanajikusanya, halafu radi. Piloti akikataa kuondoka saa tisa, si kwamba ni mvivu.

Ya mwisho, kilo. Lita 100 za mafuta ya ndege ni kilo 80 hivi. Ukiongeza mafuta unapunguza mizigo, hakuna muujiza. Na uzito lazima ukae fasi yake. Tarehe 25 Agosti 2010, kule Bandundu, ndege ya Let 410 ilianguka, watu 20 wakafa. Yule aliyepona alisimulia kwamba mamba alitoka mu mfuko, abiria wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza usawa. Watu wanaicheka hiyo habari. Mie siicheki, juu gunia lisilofungwa linaweza kufanya kazi ileile ya mamba.

Wengi wetu tunafanya kazi ku ma-ONG na ku biashara, sisi njo tunatuma mizigo. Tunaandika gunia la kilo 50, kumbe ndani ni 62. Magunia kumi hivyo, ni kilo 120 ambazo piloti hazijui, na pisti iko fupi. Ambaye hatakuwa piloti, basi apime gunia lake ku mizani na aandike kilo za kweli. Ambaye anataka kuwa piloti, aanze na daktari, kabla ya kuuza shamba la baba.

Maulizo mengine mniandikie hapa chini, nitajibu.