Bweni Si Dawa ya Ukaidi

Kila muhula unapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Elgon View, mtaa wa matajiri mjini Eldoret, huuliza swali lile lile: ni shule gani ya bweni yenye ukali wa kutosha kumnyoosha kijana wangu? Hawaulizi kama bweni hunyoosha. Hilo wameshaliamua, wanachotaka ni jina la shule. Kijana ana miaka 15, anarudi saa sita usiku, anamjibu mamake vibaya mbele ya wageni, simu haimtoki mkononi, na baba, ambaye wiki nzima yuko Nairobi au ng'ambo, anaona dawa ni moja: apelekwe mbali, wengine wamtie adabu, arudi Desemba akiwa mtu. Swali hili limekosewa tangu mzizi wake, na kila mwaka linawagharimu watoto muda ambao hautarudi.

Ukaidi wa nyumbani si uchafu uliomshika mtoto, kwamba yeyote mwenye brashi ngumu anaweza kuusugua. Mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alichunguza kwa miaka mingi familia zikiishi na kugombana majumbani mwao, na katika kitabu chake cha 1982 alieleza jinsi ukaidi unavyofunzwa. Mzazi anaamuru, mtoto anagoma. Mzazi anapaza sauti, mtoto anaipaza zaidi. Mwishowe mzazi anachoka, anaachilia, na nyumba inatulia. Kwa dakika ile kila mmoja amepata chake: mtoto amejua kelele hulipa, mzazi amejua kukubali huleta utulivu. Siku nyingine mzazi ndiye anayefoka mpaka mtoto anyamaze, na somo linabaki lile lile, kwamba hapa hushinda mwenye ghadhabu kubwa. Somo hilo limezaliwa kati ya watu wawili, katika sebule ile. Ukimtoa mmoja wao kwa miezi mitatu, linabaki likimngoja. Ndiyo maana kijana anayeamshwa na kengele ya shule kabla ya alfajiri hulala hadi saa sita mchana siku ya pili ya likizo. Shuleni kuna kengele, nyumbani hakuna, na yeye anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko wazazi wake.

Tena, kama ukali wa bweni ungekuwa dawa, Kenya ingekuwa imepona zamani. Machi 2001 wavulana 67 walifia bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa kwa petroli. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa ndani ya miezi michache. Sababu ni nyingi, kuanzia mitihani na chakula hadi msongamano na uongozi mbovu, na sisemi kwamba kijana wako atabeba kiberiti. Ninasema kwamba bweni ni mahali pa vijana wengi na watu wazima wachache, na mwenye hasira ya kufukuzwa kwao hapati taabu kumpata mwenzake. Mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Dishion na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kuwakusanya pamoja vijana wenye mwenendo mbaya, hata kwa nia ya kuwasaidia, kunaweza kuuzidisha mwenendo huo, kwa kuwa kila mmoja huvuna kicheko na heshima ya rika kwa kila kitendo cha kuvunja sheria.

Ndugu wa dawa hii ya bweni ni kumwomba polisi unayemfahamu amlaze kijana seli usiku mmoja aogope. Marekani iliijaribu hofu ya namna hiyo kwa mpango maalumu tangu miaka ya 1970, ikianzia gereza la Rahway, New Jersey, ambako vijana walipelekwa ili watishwe na wafungwa. Watafiti walipolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliozidi kutenda makosa.

Najua majibu yanayofuata. Mtoto wa jirani alienda bweni akarudi mpole: ndiyo, na pia alirudi akiwa na miaka 17, umri ambao vijana wengi huanza kutulia hata wakilala kwao. Sisi tulichapwa tukawa watu: watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya mwaka 2016 tafiti za nusu karne kuhusu watoto zaidi ya 160,000, na kuchapwa kuliandamana na ukaidi zaidi, wala si utiifu. Isitoshe, Ibara ya 29 ya Katiba inakataza viboko. Hayo ni ya Wazungu, sisi tuna jando: basi tulitazame jando lenyewe. Mvulana wa Kikalenjin aliyetengwa baada ya tohara hakuachwa na wageni. Alikuwa na mlezi wake, mtu mzima aliyejulikana kwa jina, aliyemfunza na kuwajibika juu yake, na alirudi katika jamii iliyokuwa ikimngoja na kazi na cheo kipya. Anayempeleka mtoto bweni ili apumue amechukua utengano na kuuacha ulezi.

Nyumba za Elgon View zina kuta ndefu na lango lenye askari, lakini ndani mipaka imekabidhiwa watu wasio na uwezo wa kuilinda. Askari anayelipwa na nyumba hiyo hawezi kumzuia mtoto wa tajiri wake saa sita usiku, wala msichana wa kazi hawezi kumnyang'anya simu. Mpaka ni tendo la mzazi. "Usichelewe" ni ombi tu. "Ukirudi baada ya saa moja jioni, Jumamosi ijayo hutoki" ni mpaka, mradi Jumamosi ikifika uwepo. Mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Berkeley, Marekani, aliwafuatilia watoto tangu chekechea hadi ujanani, na waliostawi zaidi ni wale ambao wazazi wao waliunganisha uthabiti na upendo.

Basi fanyeni hivi. Kanuni tatu tu, baba na mama mkubaliane kwanza, kijana asikilizwe kabla ya kuamuliwa. Adhabu iwe ndogo, fupi, ya hakika: intaneti izimwe saa nne usiku, pesa za M-Pesa zipungue. Onya mara moja, usibishane, ondoka chumbani. Akitii, mwambie umeona. Baba aliye safarini apige simu jioni kuunga mkono neno la mama, asilibatilishe. Wiki mbili za kwanza ukaidi huenda ukazidi, kwa sababu anapima kama mtachoka, msichoke. Akipiga watu, akijidhuru, au akizama katika pombe na bangi, kanuni tatu hazitoshi: mpelekeni kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapo hapo Eldoret, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo hailipiwi.