Usitupe laptopu yako bado, Linux yaweza kuiokoa

KWA mwanafunzi wa Bondo, laptopu si pambo. Ndiyo daftari, maktaba na kwa wengine ofisi ya kibarua cha mtandaoni. Ndiposa tarehe 14 Oktoba 2025 iliwagusa wengi: siku hiyo Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida kwa Windows 10.

Mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Shida ni kwamba mianya ya usalama inayogunduliwa haizibwi tena, ila kwa waliojisajili kupata nyongeza ya mwaka mmoja. Nayo Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Laptopu nyingi kuukuu hazina.

Je, ukope ununue nyingine? Pole pole. Kuna Linux, mfumo wa bure ambao kiini chake kiliandikwa 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Ubuntu, toleo lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, limekuwepo tangu 2004. Linux Mint nayo huridhika na RAM ya 2GB, ingawa 4GB ni bora.

Faili ya Mint inakaribia 3GB, kwa hivyo usimalize bando. Tafuta Wi-Fi ya chuo. Iandike kwenye flashi ya 8GB kwa programu kama Rufus, kisha uwashe laptopu kupitia flashi hiyo. Utaujaribu mfumo wenyewe bila kugusa diski. Kagua Wi-Fi, sauti na kamera.

Ukiridhika, nakili kwanza noti, projekti na picha zako kwingine. Ukichagua kufuta diski yote, hakuna cha kurudi. Hakikisha pia betri imejaa. Stima ikipotea katikati ya kazi, huenda mashine ikakataa kufunguka.

Tusidanganyane, kuna gharama. Microsoft Office haiingii moja kwa moja. LibreOffice hufungua faili za Word, lakini mpangilio waweza kuyumba, hivyo ripoti ya mwisho itume kwa PDF. Kama kozi yako inadai programu ya Windows pekee, muulize mhadhiri mapema, au uweke mifumo yote miwili ikiwa diski ina nafasi.

Kujaribu kunakugharimu flashi na jioni moja. Laptopu nyingine itakula hela za karo.