Birika, Tundu na Kipeuo cha Pili

Miongoni mwa maswali ambayo wanachuo wa mwaka wa kwanza wa fizikia na hisabati hupewa wakayafanye vyumbani mwao, limo moja lenye umri mkubwa na sura ya unyonge, nami nalipenda kuliko mengi yaliyo magumu zaidi yake: birika limejaa maji, chini kabisa ubavuni mwake pana tundu lililozibwa, tundu linazibuliwa, je, birika litakauka baada ya muda gani? Tuseme birika lenyewe ni la saruji, kitako chake ni mraba wa mita 1 kwa mita 1, kina cha maji juu ya tundu ni mita 1.225, na tundu lina eneo la sentimita 1 ya mraba, kadiri ya ncha ya kidole. Maji yote, basi, ni lita 1,225.

Aghalabu mwanachuo husoma habari hii mara moja, akafungua daftari la kanuni, akatafuta kanuni yenye herufi zinazofanana na vitu alivyopewa, kisha akatia tarakimu mahali pa herufi. Desturi hiyo siiridhii hata inapoleta jibu sahihi, kwa kuwa humruhusu mtu kumaliza swali bila ya kuliingia. Kabla ya kalamu kugusa karatasi kuna jambo moja la kujiuliza kwa taamuli, nalo ni hili: katika habari niliyosimuliwa, kipi kinabadilika na kipi kinadumu? Eneo la birika linadumu, eneo la tundu linadumu, na mvuto wa ardhi unadumu, mchapuko wake ukiwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Kina cha maji kinapungua. Na kasi ya maji yatokayo tunduni, je?

Jawabu la hilo alilitoa Evangelista Torricelli, Mtaliani aliyekaa na Galileo katika miezi ya mwisho ya uhai wa mzee huyo, na akalichapisha mwaka 1644. Alisema kwamba maji hutoka tunduni kwa kasi ileile ambayo tone lingekuwa nayo lau lingeanguka kwa uhuru kutoka uso wa maji hadi usawa wa tundu. Kwa lugha ya leo twasema kuwa nishati ya kina imegeuka nishati ya mwendo; na kwa kuwa uzito wa maji umo pande zote mbili za mlinganyo na hufutana, kanuni hii haijali kama birika limejaa maji au zebaki. Kasi, kwa mujibu wake, ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya mchapuko ukizidishwa kwa kina. Katika birika letu lililojaa, hesabu yatoa mita 4.9 kwa sekunde, na maji yanayotoka ni lita 0.49 kila sekunde.

Zamani kijana mmoja aliniletea swali hili akiwa amelimaliza kwa ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri na vizio vyote mahali pake: amegawa lita 1,225 kwa lita 0.49, akapata sekunde 2,500, yaani dakika 41 na sekunde 40. Sikumwambia kuwa amekosa. Nilimwuliza, "Mwanangu, maji yakibaki robo ya kina chake, yatatoka kwa kasi gani?" Akainama, akahesabu, akaona mita 2.45 kwa sekunde, nusu ya kasi ya mwanzo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, nimeidumisha kasi isiyodumu." Maneno hayo yalinipendeza kuliko jibu lolote, maana alikuwa amefika mwenyewe mlangoni pa kalkulasi, na ufunguo alikuwa nao mkononi.

Kwani kalkulasi ni nini, kama si ilmu ya kuhesabu vitu visivyodumu? Hila yake ni kwamba yale yasiyodumu kwa saa nzima twaweza kuyachukulia kuwa yamedumu kwa kitambo kidogo mno, tukaandika habari ya kitambo hicho kimoja kwa ukweli, kisha tukavijumlisha vitambo vyote. Na ile alama ndefu ya kujumlisha ambayo humtisha mwanachuo ni herufi S tu, herufi ya kwanza ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla, aliyoirefusha Leibniz mwaka 1675. Katika kitambo kidogo, maji yaliyopungua birikani ni eneo la birika likizidishwa kwa upungufu wa kina; maji yaliyotoka tunduni ni eneo la tundu likizidishwa kwa kasi na kwa kitambo hicho; na maadamu maji hayapotei njiani, viwili hivi ni sawa. Huo ndio mlinganyo wote. Haukutoka katika daftari la kanuni, umetoka katika insafu ya kwamba kilichopungua humu ndicho kilichotoka kule. Kitu kimoja tu cha kuchunga ni alama ya kutoa mbele ya upungufu wa kina, maana anayeisahau hujikuta na birika linalojaa kwa kuvuja.

Sasa kina na wakati hutenganishwa, kila kimoja upande wake wa mlinganyo. Upande wa kina panabaki upungufu mdogo wa kina uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha kina, na jumla ya vipande vya namna hiyo ni mara mbili ya kipeuo cha pili. Upande wa wakati pana wakati wenyewe na vile vidumuvyo. Ile namba ya kudumu ambayo kujumlisha hutuachia, na ambayo wengi huiandika kwa mazoea bila ya kuipa maana, hapa ina maana iliyo wazi: ni kumbukumbu ya birika lilivyokuwa wakati tundu lilipozibuliwa. Mwisho wa yote twaona kwamba kina hakishuki kwa kadiri moja, bali kipeuo chake cha pili ndicho kishukacho kwa kadiri moja, hatua kwa hatua, mpaka kikome. Birika letu litakauka baada ya sekunde 5,000, yaani saa moja, dakika 23 na sekunde 20.

Tazama: jibu la yule kijana lilikuwa nusu kamili ya jibu la kweli. Jambo hilo si la sadfa. Kasi inayoshuka kwa kadiri moja kutoka mita 4.9 hadi sufuri ina wastani wa nusu ya kasi ya mwanzo, na kwa hiyo muda huwa maradufu. Fauka ya hayo, wakati ule wa dakika 41 na sekunde 40 ambapo yeye aliamini birika limekauka, mlikuwa mngali na robo ya maji, zaidi ya lita 306. Na sasa chukua jiwe, ulirushe juu wima kwa kasi ya mita 4.9 kwa sekunde: litapanda mita 1.225 hasa, kwa muda wa nusu sekunde, kisha litasita. Zidisha nusu sekunde kwa 10,000, ambayo ni hesabu ya eneo la birika ukiligawa kwa eneo la tundu, nawe utapata zile sekunde 5,000. Uso wa maji unaoshuka birikani hufuata mwendo wa jiwe lipandalo angani, ila umepunguzwa kasi mara elfu kumi. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu usiku, na nilisimama kitini kwa furaha.

Hiyo namba 10,000 yenyewe ina mtego. Wengi hudhani kuwa mita moja ya mraba ni sentimita 100 za mraba, na jibu lao huwa sekunde 50. Asiyeihoji hesabu yake huliandika jibu hilo na kupiga mstari chini yake. Aliyepata kuteka maji kwa ndoo hujua kuwa lita 1,225 hazipiti katika tundu la ncha ya kidole kwa muda usiotimia dakika.

Hata maji ya kweli yana neno lake la kusema. Yakipita katika tundu lenye ukingo mkali, mchirizi wake husinyaa kidogo baada ya kutoka, ukawa takriban asilimia 61 ya eneo la tundu, na kwa sababu hiyo birika letu litachukua karibu saa mbili na dakika 17. Newton mwenyewe alikosea hesabu ya maji yatokayo tunduni katika chapa ya kwanza ya kitabu chake kikuu, mwaka 1687. Akapima, akauona msinyao huo, na katika chapa ya pili ya mwaka 1713 akasahihisha.

Nawe msomaji, kama una chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyoka, ikate shingo, itoboe kwa msumari karibu na kitako, uiwekee alama kwenye robo ya kina kutoka tunduni, kisha ujaze maji na ushike saa mkononi. Muda wa maji kushuka kutoka juu hadi alama ya robo, na muda wa robo hiyo ya mwisho kutoka, ukiyaacha matone ya mwisho kabisa, utaviona vikiwa karibu sawa.