Asilimia hiyo ilitoka kwa nani?

Mara kwa mara hukuta gazetini kwamba asilimia fulani ya Wakenya wana ugonjwa huu au ule. Huenda hakuna aliyewahi kubisha hodi kwako kukupima. Je, hesabu hizo hupatikanaje?

Fikiria kipimo cha malaria. Mhudumu wa maabara hukudunga kidole na kuchukua tone moja la damu, nalo hutosha kwa kuwa damu huzunguka na kuchanganyika mwilini. Watafiti nao huchukua tone kutoka kwa umma, yaani sampuli. Taabu ni kwamba watu hawachanganyiki kama damu. Mkazi wa Kisumu na yule wa Wajir hawaishi maisha sawa. Hata nikikuambia kuwa nusu ya wagonjwa wangu wiki hii wana shinikizo la damu, usidhani nusu ya mji unalo. Wanaokuja kwangu tayari wanaugua. Ndiyo sababu sampuli nzuri huteuliwa kwa kura.

Mfano ninaopenda kutoa ni wa Ukimwi. Kuanzia 1990, wajawazito walipimwa katika kliniki chache teule, kwa kuwa damu yao ilikuwa ikitolewa kwa vipimo vingine. Kwa kutegemea zaidi takwimu za aina hiyo, shirika la UNAIDS lilikadiria kuwa mwishoni mwa 2001, watu wazima 15 kati ya kila 100 nchini walikuwa na virusi.

Mwaka wa 2003 watafiti wa serikali walikwenda nyumbani kwa watu. Maeneo 400 yaliteuliwa kote nchini, kisha nyumba katika kila eneo, na watu wapatao 6,000 wakapimwa. Jibu lilikuwa asilimia 6.7 kwa walio na umri wa miaka 15 hadi 49.

Wagonjwa hawakuwa wamepona. Ni kweli maambukizi yalikuwa yakipungua, lakini sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na waliopimwa. Kliniki nyingi zilikuwa mijini na katika vituo vya biashara. Mjamzito naye ni mtu aliyeshiriki ngono bila kinga. Na wanaume hawakuwemo kabisa, ilhali uchunguzi wa 2003 ulionyesha asilimia 8.7 kwa wanawake na 4.6 kwa wanaume. Hesabu kama hizi ndizo hutumiwa kupanga dawa na vitanda, kwa hivyo si mchezo.

Wengi hudhani dawa ya kosa hili ni kupima watu wengi zaidi. La! Hata wangepimwa wajawazito 60,000 katika kliniki zile zile, kasoro ingebaki pale pale. Wingi husaidia kupunguza makosa ya bahati tu. Ukihoji watu 1,000 walioteuliwa kwa kura, jibu laweza kupotoka kwa asilimia 3 hivi, juu au chini. Kupunguza kiasi hicho kwa nusu huhitaji watu 4,000, wala si 2,000. Basi ukisoma asilimia 40 mwaka huu na 42 mwaka ujao, usikimbilie kusema ugonjwa umeenea.

Uliza pia waliokataa ni wangapi. Mwaka huo wa 2003, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano walioteuliwa hakupimwa, ama kwa kukataa au kwa kukosekana nyumbani. Watafiti walilazimika kulinganisha maelezo ya hao na ya waliopimwa, ndipo wakaridhika kwamba hesabu haikuharibika sana.