Upatanisho wa Majina Mageni ya Mahali: Thimlich Ohinga na Simbi Nyaima

Jina la mahali lisilo la asili ya Kiswahili huingia katika sentensi bila kiambishi cha ngeli. Je, kitenzi kipatanishwe na nini? Kwa kawaida hupatanishwa na nomino inayokusudiwa, hata isipotajwa.

Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji, ambayo UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hivyo husemwa "Thimlich Ohinga yamehifadhiwa" yakikusudiwa maboma, au "pamehifadhiwa" pakikusudiwa mahali.

Simbi Nyaima, katika Kaunti ya Homa Bay, hudhihirisha kanuni hii zaidi. Wajaluo husimulia kwamba kijiji kilimnyima bibi kizee hifadhi, kikagharikishwa. Basi "Simbi Nyaima kilizama" ni habari ya kijiji, ilhali "Simbi Nyaima lina magadi" ni habari ya ziwa lililopo leo. Kiambishi peke yake hutenga ngano na jiografia.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayepachika "i-" kila mahali, ati kwa kuwa jina ni geni, hakosei sarufi tu. Humpotezea msomaji kijiji kizima.