Pop Huuza Sura Kwanza, Wimbo Baadaye

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara ya muziki wa pop haijawahi kuuamini msemo huo hata siku moja. Humo hata chema hutembezwa: huvishwa, hupigwa picha, hubandikwa ukutani na kurushwa mitandaoni, na mnunuzi hukutana nacho kwa macho wiki kadhaa kabla hajakisikia kwa masikio.

Tazama kilichotokea Oktoba 2014. Taylor Swift, aliyepata jina kupitia muziki wa country wa Nashville, alikuwa anahamia rasmi kwenye pop kwa albamu aliyoiita 1989. Nyimbo zilikuwa zimebadilika, na jalada nalo lilipaswa kutangaza uhamisho huo. Likaja na picha ya Polaroid yenye fremu nyeupe: msichana ndani ya sweta lenye ndege wa baharini, midomo myekundu, na uso uliokatwa chini ya macho. Chini yake, kwa mwandiko kama wa kalamu ya maka, T.S. upande mmoja na 1989 upande mwingine. Ndani ya kila CD kulikuwa na pakiti ya picha 13 za mtindo huohuo. Seti zilikuwa tano, jumla picha 65, na shabiki hakujua amepata seti ipi mpaka afungue. Wiki ya kwanza peke yake, Marekani ilinunua nakala milioni 1.287, katika mwaka ambao watu walikuwa wameshaanza kuihesabu CD miongoni mwa marehemu.

Mbunifu hakufanya uchawi pale. Alifuata kanuni tatu zilizokuwepo kabla Swift hajazaliwa: msanii akae mbele, wazo la kuonekana liwe moja, na wazo hilo libebwe hadi kwenye kipande cha mwisho cha karatasi. Kanuni ya nne, ya kumtazama mnunuzi machoni, aliivunja makusudi. Aliweza kwa sababu ile midomo myekundu ilikuwa tayari inajulikana dunia nzima. Msanii mchanga akikatwa macho kwenye jalada lake la kwanza, kinachobaki ni kidevu cha mtu asiyejulikana.

Kila muziki na sare yake

Jalada hufanya kazi ya sare. Ukimwona mwanafunzi njiani unaijua shule yake kabla hajafungua kinywa, na albamu kadhalika. Bendi za metali huandika majina yao kwa herufi zenye miiba, karibu hazisomeki, na hiyo ndiyo nia: asiyehusika apite. Jazi ya lebo ya Blue Note katika miaka ya 1950 na 1960 ilijulikana kwa mkono wa mbunifu Reid Miles, aliyechukua picha nyeusi na nyeupe za Francis Wolff, akazikata kwa ukali, akazipaka rangi moja na kuziachia herufi kubwa nusu ya kazi. Rap ya Marekani ina kile kibandiko cheusi na cheupe cha kuwatahadharisha wazazi. Kilitokana na malalamiko ya kamati ya PMRC ya Washington kuhusu maneno ya nyimbo mwaka 1985, kikapewa sura moja mwaka 1990. Wazazi walikiona kama onyo. Vijana wakakisoma kama muhuri kwamba huu ndio muziki wenyewe.

Sare ya pop ni uso wa mtu: uso wa karibu, mwanga laini, ngozi iliyosafishwa kwa kompyuta, macho kwenye kamera, jina la msanii kubwa kuliko jina la albamu. Wengi hudhani ni majivuno tu, lakini kuna sababu ya kibiashara. Wimbo wa pop mara nyingi haukutungwa na anayeuimba peke yake. Msweden Max Martin ameshiriki kutunga na kutengeneza nyimbo za Backstreet Boys, Britney Spears, Katy Perry, na hata Swift kwenye hiyo 1989. Ikiwa fundi mmoja anawapikia wote, kinachowatenganisha rafuni ni sura. Ndiyo maana kampuni hulinda picha ya msanii kwa wivu uleule inaoutumia kulinda haki za wimbo.

Kundi nalo lina kanuni yake: kila mwanachama awe na nafasi na tabia ambayo mtoto wa miaka kumi ataikumbuka. Mwaka 1996 jarida la Top of the Pops la Uingereza liliwapa Spice Girls majina ya utani, Sporty, Scary, Baby, Ginger na Posh. Tangu hapo kazi ya wabunifu ikawa imerahisishwa: mavazi, pozi na rangi za kila mmoja zilikuwa tayari zimeandikwa ndani ya jina lake.

Kutoka santuri hadi kioo cha simu

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, santuri nyingi ziliuzwa ndani ya makasha ya rangi moja, yakiwa na maandishi tu mgongoni. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilimwajiri kijana Alex Steinweiss, na mwaka 1940 akatoa jalada lake la kwanza lenye mchoro, la nyimbo za Rodgers na Hart, likionyesha mwangaza wa taa za mbele ya jumba la maonyesho. Tangu hapo jalada likawa muuzaji asiyelipwa mshahara.

Mwaka 1948 Columbia hiyohiyo ikaleta santuri ndefu ya LP, na mbunifu akapata mraba wa takriban sentimita 30 kila upande. Humo ndimo wasanii Peter Blake na Jann Haworth walimoweza kuupanga umati wa watu maarufu nyuma ya Beatles kwenye albamu ya Sgt. Pepper mwaka 1967, na maneno ya nyimbo yakachapwa nyuma yasomeke bila shida. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, mraba ulipungua hadi sentimita 12. Leo jalada huonekana kwanza kwenye kioo cha simu, likiwa na ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kila uwanja ulivyopungua, umati uliondoka, mandhari yakaondoka, na uso ukazidi kusogea mbele. Udogo wa kioo umeifanya kanuni ya pop iwe kali zaidi.

Mbele, mgongo, nyuma na ndani

Anayebuni kasha la CD ana nyuso nne za kujaza, na kila moja ina wajibu wake. Mbele ni msanii. Mgongo ule mwembamba hubeba jina la msanii, jina la albamu na namba ya kampuni, kwa sababu kwenye rafu ndiyo sehemu pekee inayoonekana. Nyuma ni orodha ya nyimbo, msimbo wa mistari wa mauzo, nembo ya lebo na mistari midogo ya hakimiliki. Ndani ni thawabu ya aliyelipa: maneno ya nyimbo, shukrani, majina ya mafundi, na picha ambazo hazikuonekana kwingine.

Kasha aina ya Digipak, lile la karatasi ngumu linalokunjuliwa kama kitabu na kushika CD kwa kitako cha plastiki, lilipendwa kwa sababu linaongeza nyuso za kupamba. Wakorea wameipeleka mbali sehemu hii ya ndani. Tangu Girls' Generation watie kadi za picha za wasanii ndani ya albamu Oh! mwaka 2010, albamu ya pop ya Korea imekuwa sanduku la kumbukumbu: kitabu cha picha, bango, na kadi inayomfanya shabiki anunue nakala ya pili akitafuta sura ya mwimbaji anayempenda. CD yenyewe huenda isichezwe kamwe.

Tangazo halina uhuru wake

Kosa la mbunifu mgeni ni kudhani tangazo ni kazi nyingine. Tangazo la ukurasa mzima, lile lililozoeleka kwenye majarida ya muziki ya Uingereza kama NME na Q, lilitii jalada kwa kila kitu: picha ileile au ya kikao kilekile cha picha, herufi zilezile, rangi zilezile. Yaliyoongezwa yalikuwa machache: tarehe ya kutoka, wimbo mmoja au miwili ambayo msikilizaji ameshaisikia redioni, nyota za wahakiki na nusu sentensi ya sifa, nembo ya lebo, mahali pa kununua. Msomaji akifunua ukurasa leo na kuingia dukani Ijumaa, jicho lilipaswa kuitambua albamu bila kusoma.

Adele ameonyesha kanuni hii inavyoweza kuwa na nguvu ikitunzwa kwa miaka. Albamu zake zinaitwa 19, 21, 25 na 30, na kila jalada ni yeye, bila mapambo mengi. Oktoba 2015 tangazo la sekunde 30 lilirushwa katikati ya kipindi cha X Factor nchini Uingereza: skrini nyeusi, maneno meupe, sauti yake ikiimba, jina hakuna. Watu wakajua. Mwaka 2021 tarakimu 30 ilipoanza kumulikwa kwenye majengo maarufu ya miji mbalimbali, namba tupu ilitosha kuwa tangazo. Kilichofanya kazi hapo ni kurudia jambo moja tangu mwaka 2008 bila kuchoka.

Wanaovunja, wamevunja wakiwa na nini?

Kila mbunifu kijana hutaja majalada yaliyokaidi kanuni. Beatles walitoa albamu yenye jalada jeupe karibu tupu mwaka 1968. Beyoncé aliachia albamu Desemba 2013 bila tangazo lolote la awali, jalada jeusi lenye jina lake tu kwa herufi za waridi. Charli XCX, mwaka 2024, alitoa brat yenye kijani kikali na neno moja lililofifia. Wengi walilikejeli jalada hilo mwanzoni, kisha kijani hicho kikageuka vazi, bango na utani wa majira yote ya joto.

Wote hao walivunja kanuni wakiwa na mtaji. Weupe wa Beatles ulieleweka kwa sababu mwaka mmoja kabla waliujaza mraba huohuo kwa umati. Weusi wa Beyoncé ulitosha kwa sababu sura yake ilikuwa vichwani mwa watu tayari. Hata uasi mkubwa huhitaji kanuni ya kuegemea: The Clash, wapunki wa London, walipotoa London Calling mwaka 1979, Ray Lowry alikopa waziwazi herufi za waridi na kijani za albamu ya kwanza ya Elvis Presley ya 1956, akaweka picha iliyopigwa na Pennie Smith ya gitaa likivunjwa jukwaani. Aliyeikumbuka albamu ya Elvis alipata ujumbe mara moja.

Na huku kwetu?

Afrika Mashariki ina kanuni zake, nazo ni imara. Kava la kaseti ya taarab lilimweka mwimbaji mbele akiwa na gauni la kumeta na dhahabu shingoni. Kava la injili huonyesha mwimbaji ameinua mikono, nyuma yake mbingu au maporomoko ya maji, na mara nyingi namba ya simu ya kumwalika. Mnunuzi wa sokoni Kariakoo au mtaani River Road hakuhitaji kuuliza ni muziki gani.

Inafundisha pia kuona taarab hiyohiyo ilivyovishwa ilipopelekwa Ulaya. Mfululizo wa lebo ya Globestyle ya London uliitwa The Music of Zanzibar, na ule wa Buda Musique ya Ufaransa ukaitwa Zanzibara. Mnunuzi wa kule aliuziwa kisiwa kabla ya mwimbaji, kwa sababu rafu ya muziki wa dunia huuza mahali, kama vile rafu ya pop inavyouza mtu. Muziki haukubadilika; kilichobadilika ni soko lililolengwa.

Tatizo letu la sasa liko kwenye mabango ya Bongo Fleva na jamaa zake mitandaoni. Wimbo ukitoka, msanii hupewa posta yenye picha yake mara tatu, majina ya prodyuza na waongozaji, nembo za wadhamini, akaunti za mitandao mitano na moto unaowaka nyuma. Kisha posta hiyohiyo hupelekwa kwa msambazaji wa muziki mitandaoni iwe jalada, na hurudishwa. Majukwaa kama Apple Music hayakubali jalada lenye anwani za tovuti, bei wala akaunti za mitandao, na wasambazaji wengi hutaka mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000. Zaidi ya hapo, wimbo ukiwa na kava la zambarau, bango la njano na tangazo la bluu, msikilizaji amekutana na wasanii watatu na hakumkumbuka hata mmoja.

Dawa yake haihitaji bajeti ya Marekani. Lipia kikao kimoja kizuri cha picha na ukitumie kwa kila kitu, kuanzia jalada hadi tiketi ya uzinduzi. Chagua rangi mbili na mwandiko mmoja, uvitunze kwa albamu nzima. Majina ya mafundi yapeleke ndani au kwenye maelezo, tarehe na wadhamini viachie bango. Halafu punguza jalada mpaka litoshe chini ya dole gumba, umwonyeshe mtu asiyekujua na umwulize huyu anaimba muziki gani. Akishindwa kujibu, usiachie wimbo bado. Mrudishe mbunifu mezani.